Nuru na Shahidi Wake

Kila picha inayotoka mkononi mwa mtu na kwenda kutazamwa mahali asipokuwapo mwenyewe huhitaji kusindikizwa na habari zake, kwa sababu mtazamaji wa mbali hana njia ya kumuuliza mtengenezaji alikusudia nini, na chombo kitakachoionyesha hakina moyo wa kukisia. Na katika habari zote zinazosindikiza picha za zama hizi, yaani ukubwa wake, kasi yake, sauti yake na rangi zake, hakuna iliyo nyepesi kuandikwa na nzito kuaminiwa kama habari ya kiasi cha nuru. Nimefanya kazi ya kuhariri na kusawazisha picha kwa sehemu kubwa ya umri wangu, na katika miaka hii ya karibuni kazi hiyo imekuwa zaidi ni kurekodi yale yanayopita juu ya kioo cha kompyuta: masomo ya programu, matembezi ndani ya majengo ambayo bado ni michoro, na michezo ya vijana. Katika kazi hiyo nimeona namba moja, iliyoandikwa kwa haraka katika kisanduku kidogo cha mipangilio, ikiharibu jasho la watu wenye ustadi; na nimeona namba hiyo hiyo, ilipoandikwa kwa haki, ikiirudishia kazi yao heshima pasipo mtu kubadilisha rangi wala mwanga wa picha yenyewe hata kidogo. Kwa hiyo nimeona ni wajibu wangu kuyaweka katika maandishi niliyojifunza, ili wanaoingia katika kazi hii sasa waanzie pale sisi tulipofikia.

Waliokulia Unguja katika miaka ya 1970 wanakumbuka kuwa visiwa vilipata televisheni ya rangi mapema katika muongo huo, ilhali ndugu zao wa Bara walisubiri hadi miaka ya 1990; na wanakumbuka pia kuwa kila seti ilikuwa na vifundo vya kuzungusha, kimoja cha mwangaza na kimoja cha tofauti ya weusi na weupe, ambavyo mwenye nyumba alivizungusha apendavyo, mchana akivipandisha kwa sababu ya jua liingialo dirishani na usiku akivishusha ili macho yasichoke. Hakuna aliyesema kuwa nyumba hii inaona picha ya kweli na ile ya jirani inaona ya uongo, kwa maana ishara iliyotoka kituoni haikudai kiasi chochote cha nuru. Ilisema tu kwamba hapa pana weusi, pale pana weupe, na baina ya viwili hivyo kuna daraja kadha wa kadha; mengine yote iliyaacha kwa hiari ya mwenye seti. Studio ilipoisawazisha picha juu ya kioo ambacho weupe wake ni niti 100, na nyumba ikaitazama kwa niti 250, hapakuwa na dhuluma, kwa sababu uwiano wa sehemu za picha ulibaki vile vile. Niti moja ni kandela moja ya nuru kwa kila mita moja ya mraba ya kioo, na katika mkataba ule wa zamani kipimo hiki kilikuwa ni jambo la mafundi peke yao, wala hakikuandikwa popote ndani ya picha.

Mkataba huo ulibadilika mwaka 2014, pale chama cha wahandisi wa sinema na televisheni cha Marekani, SMPTE, kilipochapisha kanuni iitwayo ST 2084, iliyotokana na kazi ya kampuni ya Dolby, na ambayo mafundi wote huiita PQ. Katika kanuni hii kila namba ya picha ina kiasi chake maalumu cha nuru, kuanzia giza hadi niti 10,000, na kiasi hicho hakitegemei kifundo cha mwenye nyumba. Ngazi zake hazikugawanywa kwa usawa, bali zimefuata tabia ya jicho la mwanadamu, ambalo hutambua tofauti ndogo sana katika giza na huzipuuza katika mwanga mkali: nusu ya ngazi zote huwa zimekwisha kutumika kabla ya kufika niti 100, niti 1,000 huangukia karibu na robo tatu ya ngazi, na robo iliyobaki ndiyo inayobeba safari yote ya kutoka hapo hadi 10,000. Kuna njia ya pili, HLG, iliyobuniwa na BBC ya Uingereza na NHK ya Japani kwa ajili ya matangazo, ambayo imebakia na uwiano wa zamani na kwa sababu hiyo haihitaji shahidi wa nuru. Na njia zote mbili zilikubaliwa mwaka 2016 katika pendekezo BT.2100 la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano. Lakini arekodiye skrini kwa HDR, yaani kwa mfumo wa picha zenye masafa mapana ya nuru, kutoka giza hadi mwanga mkali, aghalabu hujikuta katika njia ya PQ, kwa kuwa ndiyo inayotumiwa na michezo ya kompyuta na ndiyo msingi wa aina ya HDR iitwayo HDR10, na huko hawezi kukwepa kutoa ushahidi.

Yamkini msomaji atauliza, iwapo kila namba ina nuru yake maalumu, kwa nini picha ihitaji tena shahidi wa kuisindikiza. Jibu ni kwamba kanuni imefika mahali ambapo vioo havijafika. Televisheni nyingi za majumbani haziwezi kutoa hata niti 1,000, na nyingine za bei nafuu zinazoandikwa HDR kwenye maboksi yake huishia niti 300 au 400. Basi kila chombo kipokeapo picha yenye nuru iliyozidi uwezo wake, sharti kiamue lipi likunjwe na lipi libaki. Ili kiamue kwa hekima, kinahitaji kujua mapema nuru iliyo kali kuliko zote katika picha hiyo ni ya kiasi gani. Hapo ndipo zinapoingia namba tunazoziita metadata ya mwangaza. Ya kwanza ni habari ya kioo alichokitumia mtengenezaji, iliyowekewa utaratibu katika ST 2086: rangi zake za msingi, weupe wake, kilele cha mwanga wake na kina cha weusi wake. Ya pili ni MaxCLL, yaani nuru ya pikseli iliyo kali kuliko zote katika picha nzima tangu mwanzo hadi mwisho. Ya tatu ni MaxFALL, yaani wastani wa nuru wa fremu ambayo wastani wake umezishinda fremu zote. Televisheni hainyanyui pazia kuitazama picha hadi mwisho kabla ya kuionyesha. Huzisoma namba hizi mlangoni, huziamini au huzipuuza kwa kadiri alivyoiunda mtengenezaji wake, na kwa zile zinazoziamini, yote yanayofuata hujengwa juu ya ushahidi huo.

Sasa nieleze kisa kilichonifundisha zaidi ya vitabu. Kijana mmoja mwenye kipaji, ambaye kazi yake ni kujenga majengo ndani ya kompyuta, alipewa kazi ya kurekodi matembezi ndani ya mfano wa nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe iliyokuwa ikikusudiwa kufanyiwa ukarabati, ili wenye mali waione ukumbini kabla ya kutia saini. Aliifanya kazi hiyo kwa mapenzi makubwa. Mlango wa nakshi ulikuwa na njumu za shaba ambazo kila moja ilipata cheche yake ya jua kadiri mtazamaji alivyousogelea. Ukuta wa chokaa ulibadilika weupe wake kutoka baraza hadi ukumbi wa ndani. Na uani palikuwa na kivuli cha mkomamanga kilichotikisika juu ya sakafu. Ilipoonyeshwa ukumbini juu ya televisheni kubwa na mpya, kila kitu kilififia. Ukuta ulikuwa wa kijivu, uani palikuwa kama magharibi imeingia, na njumu hazikuwa na cheche bali mabaka ya manjano. Mmoja wa wenye mali aliuliza kwa upole kama nyumba hiyo ingepakwa rangi ya namna hiyo.

Kijana alikuja kwangu jioni ile ile akiwa na diski mkononi.

“Shikamoo, Mwalimu. Kwangu ukuta unameta mpaka unatamani kuugusa. Kule ukumbini umekufa kabisa. Televisheni yao ina ubovu, au?”

“Marahaba, mwanangu. Usiihukumu televisheni kabla hujasikia ilichoambiwa. Tuisome barua kwanza.”

Tukalifungua faili kwa ffprobe, ambayo huzisoma habari za faili bila kuionyesha picha, na miongoni mwa mistari iliyotokea ulikuwamo mmoja uliotaja kilele cha kioo cha mtengenezaji, nao ulisema niti 10,000. Na chini yake MaxCLL ilisema 10,000 vile vile. Nikamuuliza namba hizo amezipata wapi. Akanijibu kwa uaminifu kuwa alisoma kwamba PQ hufika niti 10,000, akaona asiibane picha yake, aipe nafasi yote iliyopo. Kioo chake mwenyewe, kwa maelezo ya waliokitengeneza, hakikuzidi niti 1,000. Kisha tukaipima picha fremu kwa fremu, kwa programu ambayo huitazama kila pikseli na kuandika iliyo kali kuliko zote, tukakuta kuwa cheche ya njumu iliyong'aa kupita zote haikufika hata niti 700, na ukuta wa chokaa uliokuwa fahari ya kazi nzima ulikuwa baina ya 200 na 300.

Hapo sababu ikawa bayana. Televisheni ya ukumbini ilikuwa na uwezo wa kadiri ya niti 600, yaani iliweza kuibeba picha ile karibu yote bila kukunja chochote. Lakini iliambiwa mlangoni kuwa inakuja nuru ya niti 10,000, nayo ikafanya kama afanyavyo mtumishi mtiifu: ikaweka akiba sehemu ya juu ya uwezo wake kwa ajili ya mgeni huyo mkuu, ikawashusha wote waliokuwa chini yake ili apate mahali pa kukaa, na mgeni hakuja. Ukuta uliostahili niti 250 ukaonyeshwa kwa nuru pungufu sana, na cheche zilizostahili kusimama peke yake juu ya vyote zikabanwa pamoja na vinavyozizunguka. Televisheni haikuwa na ubovu, wala picha haikuwa na ubovu; shahidi ndiye aliyesema lisilokuwapo. Kijana aliisimba tena picha kutoka katika rekodi yake ya asili, akiandika kioo cha niti 1,000, MaxCLL iliyopimwa na MaxFALL iliyopimwa, akairudisha ukumbini. Ukuta ukawa mweupe, na wenye mali wakazungumza habari za nyumba.

Jambo nililomwambia siku ile, na ambalo nimelirudia kwa wengi baada yake, ni kwamba uwezo wa lugha si kiasi cha maneno yaliyosemwa. Kanuni ya PQ inaweza kutaja niti 10,000, lakini haimlazimu mtu kuzitaja, na anayezitaja pasipo kuzimiliki anawadhulumu wanaomwamini. Fauka ya hayo, namba hizi zina mitego yake ya uandishi. Programu ya x265, ambayo wengi huitumia kusimba picha hizi, hupokea kilele cha kioo kwa sehemu moja ya elfu kumi ya niti, hivyo niti 1,000 huandikwa 10000000. Sifuri moja ikizidi, kioo cha studio ya kawaida kinageuka kioo ambacho hakipo mjini, na hakuna onyo litakalotokea, kwa sababu kwa mashine namba zote mbili ni halali. Namba za aina hii nimezizoea kuzihesabu sifuri zake kwa ncha ya kalamu, moja baada ya moja, na simwonei haya mtu yeyote nifanyapo hivyo.

Kuna dhuluma ya upande wa pili, nayo ni ya siri zaidi. Niliwahi kurekodi mchezo ambao ndani ya mipangilio yake kilele cha mwanga kilikuwa kimewekwa niti 4,000, ilhali kioo kilichokuwa mbele yangu kilikuwa cha niti 600. Juu ya kioo hicho mawingu yaliyolizunguka jua yalikuwa weupe mtupu usio na sura. Lakini nilipolipima faili nilikuta mawingu yale yana mikunjo, vivuli na daraja zake zote, hadi karibu na niti 4,000. Sababu ni kwamba programu ya kurekodi haitazami kioo kama kamera itazamavyo. Inachukua hesabu za picha ndani ya kompyuta kabla hazijafika kwenye kioo, na hesabu hizo hazijui udhaifu wa kioo kilicho mbele. Katika Windows, mathalan, picha za HDR huweza kubebwa kwa namba ambazo moja kamili ni sawa na niti 80, na zinazopanda juu ya moja bila kujali monita iliyounganishwa inaweza nini. Basi lau ningeandika 600 kwa sababu ndiyo iliyoandikwa katika karatasi ya monita, televisheni yenye uwezo wa niti 1,000 ingeamini kuwa hakuna cha kukunja, ingeiachia picha ipite kama ilivyo, na kila kilichozidi 1,000 kingekatwa kama kwa kisu. Mtazamaji angeona mawingu yale yale matupu niliyoyaona mimi, ijapokuwa sura yao ilikuwamo ndani ya faili.

Lakini hata namba iliyopimwa sawasawa haikunituliza moyo katika kisa hicho, kwa kuwa ilinibidi nijiulize ni nani aliyeiona nuru hiyo ya niti 4,000 kabla ya kuituma kwa watu. Hakuna aliyeiona. Mimi niliyeirekodi sikuiona, na aliyekuwa akiucheza mchezo hakuiona. Tokea hapo nimeshika kanuni ambayo sijaiacha: kabla ya kurekodi, kilele cha mchezo au cha programu hupangwa kilingane na kilele cha kioo nilicho nacho, na kwa Windows kuna programu ya upimaji wa HDR, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2022, ambayo humsaidia mtu kukijua kioo chake mahali kinapoanza kupoteza sura ya vitu. Vikilingana hivyo viwili, ninachokiona ndicho kinachorekodiwa, na namba ya kioo na namba ya picha huacha kupingana. Shahidi mwema ni yule aliyekuwapo, akaona, kisha akasema.

Mtu asidhani kuwa macho peke yake yanatosha kwa kazi hii. Ibn al-Haytham, mwanachuoni wa Basra aliyefanya kazi zake Misri katika karne ya 11, alieleza katika Kitab al-Manazir jinsi nuru kali inavyoliumiza jicho na kulizuia lisione kilicho dhaifu, na kwamba nyota zisizoonekana mchana zipo mahali pake ila mwanga wa mchana umezifunika. Fundi wa picha huishi na ukweli huu kila siku. Niti 300 katika chumba chenye pazia zilizofungwa huonekana kali, na niti hizo hizo kando ya dirisha la pwani saa sita za mchana huonekana hafifu. Jicho huzoea, husahau, na huapa kwa lile lililolizoea. Kwa hiyo katika mlango huu jicho hutumika kuhukumu uzuri, na kipimo hutumika kuhukumu kiasi, na fundi asiyevitenganisha viwili hivi ataandika leo namba ya asubuhi na kesho namba ya jioni kwa picha ile ile.

Lipo jambo moja ambalo ni la skrini hasa, na ambalo watu wa sinema hawalijui sana. Katika sinema nuru kali huwa ni chache na ndogo: taa, mwale wa jua, mng'ao wa maji. Katika skrini ya kompyuta, weupe ndio uwanja wenyewe. Barua ni nyeupe, jedwali ni jeupe, ukurasa wa programu ni mweupe toka ukingo hadi ukingo, na mtu akirekodi somo la uhasibu atakuwa amerekodi saa nzima ya weupe. Weupe huo lazima upewe kiasi, kwa sababu vitu visivyo vya HDR havikuja na kiasi chake; Windows humwachia mtumiaji akipange, kuanzia niti 80 hadi 480, na programu ya OBS Studio, iliyoanza kurekodi HDR katika toleo lake la 28 mwaka 2022, ina sehemu yake ya kupanga weupe wa kawaida, ambayo tangu mwanzo huwa imewekwa 300, na sehemu ya kilele cha HDR, ambayo huwa imewekwa 1,000. ITU, katika ripoti yake BT.2408, inapendekeza weupe wa karatasi na maandishi uwe niti 203. Anayeacha weupe wake niti 480 kwa sababu chumba chake kina jua, kisha akarekodi ukurasa mtupu, atapata fremu ambayo wastani wake unakaribia niti 480; na kioo cha OLED cha mtazamaji, ambacho kinaweza kutoa cheche kali katika eneo dogo lakini hakiwezi kustahimili weupe mkali katika kioo kizima, kitajishusha chenyewe ili kujilinda. MaxFALL imewekwa kwa ajili ya hali kama hiyo, na ni katika rekodi za skrini, kuliko katika sinema, ndipo namba hii inapokuwa na uzito. Ushauri wangu kwa anayerekodi masomo ni kuushika weupe wa 203 au ulio karibu nao, na kuziacha niti za juu kwa vitu vinavyostahili kung'aa.

Ugumu wa mwisho umo katika wakati wenyewe. Mwenye sinema huipima kazi yake ikiwa imekamilika, lakini arekodiye skrini huanza kuandika faili kabla hajajua litakalotokea. Programu huandika habari za nuru mwanzoni mwa rekodi, ilhali nuru kali kuliko zote yaweza kutokea dakika ya mwisho. Kwa hiyo namba inayoandikwa wakati wa kurekodi haiwezi kuwa kipimo. Ni ahadi tu ya mwenye kurekodi, iliyochukuliwa katika kile alichokipanga. Waungwana waliotunga kanuni hizi walilijua jambo hilo, wakaacha mlango wa insafu: MaxCLL na MaxFALL zikiandikwa sifuri, maana yake si giza, bali ni kwamba kiasi hakijulikani. Nami nasema kuwa sifuri hiyo ni moja ya mambo ya heshima kabisa katika elimu hii. Televisheni ikiambiwa kuwa kiasi hakijulikani, itatumia habari ya kioo au kanuni yake yenyewe, na kwa kawaida itatenda kwa hadhari. Ikidanganywa kuwa kiasi kinajulikana, itatenda kwa ujasiri na kukosea kwa ujasiri.

Baada ya kurekodi, kazi ya haki ni kuipima rekodi ya asili fremu kwa fremu, kabla ya kuibana kwa nguvu, kwa kuwa kubanwa kwaweza kuzua pikseli moja moja zilizozidi nuru ya kweli. Ikitokea kuwa kipimo kimepandishwa na doa moja lisilo na maana, tuseme nukta iliyometa kwa hitilafu ya hesabu katika pembe ya chumba, dawa yake ni kulisafisha doa katika picha, wala si kuipunguza namba katika karatasi. Atakaye namba ishuke, na aishushe nuru. Namba zikishapatikana, ziandikwe mahali pawili, ndani ya picha iliyosimbwa na ndani ya chombo kinachoibeba, kwa maana faili la MKV au MP4 laweza kubeba ushahidi mmoja nje na mwingine ndani, na vikipingana, kila televisheni itamsikiliza shahidi wake. Kwa MKV, vifaa vya MKVToolNix huweza kuzirekebisha namba za nje bila kuisimba picha upya, lakini za ndani hubaki kama zilivyo, na wengi hulisahau hilo. Kisha faili lisomwe tena baada ya kila hatua, kwa kuwa ziko programu za kuhariri ambazo huitupa metadata yote njiani pasipo kumwambia mtu. Na waliotuachia lugha hii walikwisha sema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Nimekwisha eleza kanuni na mitego. Iliyobaki ni adabu, nayo ndiyo niliyoichuma katika kazi hii kuliko ufundi wowote. Nimejifunza kuwa kutia chumvi katika kipimo si ukarimu kwa kazi yako, kwa maana aliyezidisha namba ili picha yake ipewe nafasi ndiye aliyeinyima nafasi. Nimejifunza kuwa unyenyekevu wa uongo nao ni uongo, kwani aliyepunguza namba aliyakata mawingu. Nimejifunza kuwa kusema sijui, mahali ambapo kwa kweli hujui, ni ushahidi kamili unaokubalika katika mahakama ya vioo, na ningependa ukubalike hivyo hivyo katika mahakama za watu. Na nimejifunza kuwa mtu ambaye hatakutana kamwe na mtazamaji wake ana deni kubwa zaidi kwake kuliko aliyeketi naye chumba kimoja, kwa kuwa mtazamaji wa chumbani aweza kumwambia ongeza au punguza, na mtazamaji wa mbali hana ila kile alichoandikiwa.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayeanza leo kurekodi skrini kwa HDR, usinakili mstari wa namba uliouona kwa mwenzako, hata kama mwenzako ni bingwa, kwa sababu namba zake ni za kioo chake na picha yake. Kijue kioo chako, panga kilele na weupe kabla ya kubonyeza kitufe, pima baada ya kurekodi, andika ulichokipima, na pasipo na kipimo andika sifuri. Fanya hivyo hata kwa kazi ndogo ya dakika chache ambayo hakuna atakayekuuliza habari zake, kwa sababu anayeitegemea namba hiyo ni mtazamaji, naye hajui hata kuwa ipo.